Mzee Riungu na Riboni Nyekundu

Baba wa mume wangu anaitwa Salesio Riungu. Kwa karatasi naweza kuliandika hilo jina, lakini kwa mdomo sijalitaja tangu niolewe, kwa sababu kwetu Igembe mke wa mtoto hamwiti baba mkwe kwa jina lake. Mimi humwita Baba. Yeye huniita Mama Kendi, kwa jina la mtoto wangu. Nikimpelekea chai naiweka kwa stuli karibu naye, nasema karibu, naondoka. Hatuongei sana. Lakini nimemwangalia kutoka mlango wa jikoni tangu siku nilipofika hapa, na mtu ukimwangalia hivyo unamjua kuliko yule mnayeketi naye mkicheka.

Alizaliwa kwa shamba hilihili, hapa nje ya mji wa Maua, na shule aliiacha akiwa mdogo. Si kwamba alikuwa mjinga. Alikuwa mwepesi, na miti ya miraa inataka mtu mwepesi. Miti yetu ni ile ya zamani, tunaiita mbaine, ilipandwa na babu wa babu yake, na matawi yake ya juu hayabebi mwanaume mwenye tumbo. Kwa hivyo Baba alikua juu ya miti. Kabla ya kupanda alivua viatu, akaviweka sambamba chini kama mtu anayeingia kulala. Akifika juu hakung'oa tu kila kitu. Alivunja yale machipukizi yenye ncha nyekundu peke yake, na ya kijani akayaacha yaendelee. Hata leo ukimwuliza kazi ya miraa ni nini, atakwambia ni macho kwanza, mkono baadaye.

Halafu kuna vile anavyofunga. Watu wengine wakifunga kitita wanapiga fundo nje. Baba huzungusha gamba la mgomba mara mbili, kisha ule mkia anausukuma ndani katikati ya vijiti, usionekane. Kitita kinakaa kama kimejishika chenyewe. Pale Maua, pikapu zinapopakia kwenda Nairobi, wanunuzi wakikiona hawaulizi. Wanasema tu, "Hii ni ya Riungu," na kinawekwa upande.

Sasa hapandi tena. Goti lake la kulia liliharibika, na mume wangu Mbaabu, ambaye ni mtoto wake wa kwanza, anaendesha pikapu, hana nafasi. Kazi ya kuchuma ikamwangukia Mutugi, kijana wa pili. Kila alfajiri, siku za kuchuma, Mutugi alikuwa akitoka akielekea kwenye miti, na dada yake Kaari, anayemfuata kuzaliwa, alikuwa akishika njia ya mtoni na mitungi. Kabla ya shule vitita vilikuwa tayari vimefika kwa veranda, vimefungwa kwa mtindo wa nyumbani, na maji yako jikoni. Mutugi na Kaari walisoma darasa moja, kwa sababu Mutugi alichelewa kuanza.

Baba alikuwa akichukua kitita kimoja, anakigeuza, anakinusa, halafu anamwambia yeyote aliye karibu, hata kama ni kuku, "Mkono wangu umeingia kwa huyu kijana."

Mwaka ambao Kaari na Mutugi walikuwa darasa la saba, shule yao ilipata mwalimu mpya. Alikuwa anaitwa Nelius Wanja, mwanamke wa Embu, mzaliwa wa Kianjokoma. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa, na akitembea na watoto huwezi kujua mwalimu ni nani. Yeye ndiye aliyeleta ile habari ya wiki ya shughuli. Watoto waende kwao Kianjokoma, kwenye kambi kando ya msitu wa mlima, wakutane na shule zingine, walale kwa hema, watembee msituni, wavuke mto, wapande kamba.

Wazazi tuliitwa shuleni. Baba alisimama na fimbo yake.

"Mwalimu, nauliza. Huko msituni watoto wanaenda kusoma nini? Msitu si hata sisi tunao? Mimi nikitaka mtoto wangu aone mti, si namtuma kuni?"

Watu wakacheka. Mwalimu Nelius naye akacheka.

"Mzee, akienda kuni anaenda peke yake na anarudi na kuni. Huku anaenda na wenzake, na anarudi akijua anaweza nini."

"Haya. Na hiyo kamba. Nasikia ni ndefu kama nguzo ya stima. Wasichana pia wanapanda?"

"Ni ya watoto wote, Mzee."

Hapo Baba akaacha kucheka. Wale ambao si wa kwetu sharti niwaeleze kidogo. Huku mwanamke hapandi mti wa miraa. Anaweza kupalilia chini yake, anaweza kuuza, lakini akiukanyaga, wazee wanasema mti unakauka. Na msichana anayezoea kupanda chochote, kesho si atapanda na miraa? Ndivyo wanavyofikiri. Baba hakuwahi kuliona jambo hilo kama ukali. Kwake ilikuwa kuchunga miti aliyoachiwa.

"Mimi Kaari wangu hapandi kitu," akasema. "Si mti, si kamba, si ngazi. Kama ni hivyo, abaki nyumbani."

Mwalimu Nelius akafikiri, akasema, "Mzee, wacha aende. Nakuahidi mbele ya hawa wote, mimi sitampandisha."

"Utaniahidi halafu nani atakuona huko Embu?"

"Basi njoo uone. Tunahitaji wazazi wawili wa kutusindikiza. Mwanaume mmoja na mama mmoja wa kuangalia wasichana."

Watu wakapiga makofi. Baba akawa ameshikwa. Na kwa kuwa mama mwingine hakuinua mkono, na Kendi bado nilikuwa namnyonyesha kwa hivyo hatanisumbua akiwa mgongoni, nikajikuta ni mimi.

Kaari aliipata habari jikoni, akimenya nduma. Alimenya mpaka nduma ikaisha. Kisha akasema, "Sasa naenda kufanya nini, Mama Kendi? Kushikia wengine sweta?"

"Angalau utaona," nikamwambia.

"Kuona nimeona."

Sikuelewa alichosema. Nilidhani ni hasira ya mtoto.

Tulienda na basi ya shule, tukapita Meru mjini, Nkubu, Chuka, Runyenjes, watoto wakiimba mpaka sauti zikakauka. Baba aliketi mbele na koti lake la kanisani na kofia, mikono juu ya fimbo. Mimi niliketi nyuma kabisa. Tulipofika Kianjokoma kulikuwa na ukungu juu ya majani chai na baridi ya kung'ata. Kambi ilikuwa uwanja wa nyasi kando ya msitu, hema zimepangwa, moshi wa jiko, na katikati nguzo mbili ndefu za mkaratusi, zimefungwa wavu wa kamba kutoka chini hadi juu. Kaari alishuka kwa basi, akasimama, akaziangalia zile nguzo kutoka chini polepole hadi kileleni. Akaenda kubeba blanketi za wenzake.

Kati ya shule zingine kulikuwa na moja kutoka Embu mjini, watoto wa mtaa wa Dallas, na walikuwa wamevaa traksuti za rangi moja. Waliposikia sisi ni wa Maua, mmoja akapiga mluzi.

"Oya! Watu wa Maua! Mmetuletea gomba?"

Gomba ndiyo miraa, kwa Kiswahili chao cha mtaani. Wenzake wakaanguka kicheko. Mutugi wetu, ambaye hanyamazi, akajibu, "Tumeleta, lakini ya watu wazima. Nyinyi mmeletewa uji."

Mwalimu Nelius akawatenganisha huku akijificha asionekane anacheka.

Siku za kwanza zilienda vizuri. Watoto walitembea msituni na mkufunzi mmoja wa kambi aliyeitwa Njue, kijana mrefu wa hukohuko, mpole sana. Walijifunza kusimamisha hema na kuwasha moto kwa kuni mbichi. Walivuka mto kwa kushika kamba, maji yakiwafika magotini, wakipiga kelele mpaka ndege wakahama. Kaari aliketi juu ya jiwe na sweta za darasa zima mapajani. Mara moja nilimwona Baba akimtazama, kisha akatazama upande mwingine, akaanza kuchokora ardhi na fimbo. Moyo wake si wa jiwe. Lakini alikuwa ameshasema, na mbele ya watu.

Jioni, wakati wa chai, Baba alirudi kuwa Baba. Wazazi wa shule zingine walimzunguka, naye akawaeleza miti ya babu, goti lake, na Mutugi.

"Ngojeni siku ya kamba," akawaambia. "Mtaona kijana anayepanda. Nimemfundisha mwenyewe. Hata kitita chake na changu, wanunuzi hawawezi kutofautisha."

Niliona Mutugi, aliyekuwa karibu, akiacha kutafuna. Kaari naye akainama akafunga kamba ya raba yake iliyokuwa imefungwa tayari.

Siku ya kamba ilikuja na jua. Mambo yalipangwa hivi. Kule juu, kati ya nguzo mbili, kulikuwa na kamba moja imelala, na kwenye hiyo kamba zilining'inia riboni nyingi za rangi mbalimbali, zimechanganyika. Kila shule ilikuwa na rangi yake. Nyekundu ilikuwa ya wale wa Dallas, na yetu ilikuwa ya buluu. Watoto wa kila shule walitakiwa kupanda, kufungua riboni za rangi yao na kuzishusha, kabla Njue hajapuliza filimbi ya mwisho. Ukishusha ya wengine, haihesabiwi, na ni lazima uirudishe kwa wenyewe. Kila mtoto wa kikundi alivalishwa mshipi na kofia ngumu, hata Kaari, kwa maana kazi yake ilikuwa kusimama chini pale na kushika mwisho wa kamba ya mwenzake. Sisi wazazi tulisimama nyuma ya uzi uliofungwa kutuzuia tusikaribie.

Wa kwanza kwa upande wetu alikuwa Mutugi. Baba alisogea mbele mpaka fimbo ikagusa uzi.

Mutugi alianza kwa haraka. Alipanda wavu kama mtu anayekimbizwa, hatua za kwanza. Kisha akapunguza. Kisha akafika katikati, akaangalia chini, akakwama. Alizikumbatia kamba kwa mikono yote miwili mpaka wavu mzima ukatetemeka. Njue akamwambia kwa upole ashuke. Hakusikia. Alifumba macho.

"Mutugi!" Baba akaita. "Kijana! Unacheza?"

Mutugi hakufungua macho. Akasema kwa sauti ndogo, kwa Kimeru, kwamba anakufa.

Mimi nilimtazama Baba. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta wageni asiowajua wakila. Huyu ndiye kijana wa vitita? Huyu ndiye mkono wake?

Watoto wa Dallas wakaanza. "Gomba imemshika! Gomba imemshika!"

Kaari akampa mwenzake ile kamba aliyokuwa ameshika. "Mwalimu, wacha nikamtoe."

Mwalimu Nelius akageuka kumtafuta Baba kwa macho. Baba alikuwa anamwangalia Mutugi peke yake. Juu pale, Mutugi akaanza kulia.

"Nenda umshushe," Mwalimu akasema. "Umshushe tu."

Njue akamfungia Kaari kamba ya usalama, na Kaari akaenda.

Nitalieleza hili kama nilivyoliona. Hakuukimbilia wavu. Aliugusa kwanza kwa kiganja, kama unavyomgusa ng'ombe kabla ya kumkamua. Kisha akapanda bila kelele, mwili karibu na kamba, akijaribu kila mahali kwa vidole vya mguu kabla ya kuweka uzito. Alimfikia kaka yake, akaweka kifua chake nyuma ya mgongo wake, akamwambia kitu sikioni. Mutugi akateremsha mguu mmoja. Kaari akaushika, akauweka penye kamba. Akateremsha mwingine. Hivyo hivyo mpaka Mutugi akafika chini, akaketi kwenye nyasi, kofia imemwangukia machoni.

Kaari hakushuka. Alibaki pale chini kidogo ya katikati, akimwangalia Mutugi kama amefika salama. Kisha akainua uso, akaangalia juu.

"Kaari, shuka sasa!" Mwalimu Nelius akaita.

Nadhani hakuna hata mmoja wetu aliyetegemea ashuke.

Alipanda wavu wote mpaka juu, akakaa penye ile kamba ya riboni kama mtu aliyekaa hapo maisha yake yote, mguu mmoja umejiviringisha kwenye nguzo. Jua lilikuwa nyuma yake. Mikono ikaanza kazi. Ilikuwa haraka sana. Kitu cha ajabu ni kwamba hakuwa anaitazama mikono, alikuwa anatazama mbele kidogo, pale mkono utakapofika. Macho kwanza. Akamaliza upande mmoja, akavuta kamba, akamaliza wa pili, akashuka akiwa ameuma kitita cha riboni kwa meno.

Watoto wetu walipiga kelele mpaka Kendi akaamka mgongoni na kuanza kulia. Nami nililia, lakini bila sauti.

Kisha Njue akakitazama kile alichoshusha, akashika kichwa. "Binti, ni nini hii?"

Zilikuwa riboni nyekundu tupu. Zile za buluu zote zilikuwa bado zinapepea juu, hakugusa hata moja. Kaari alizitazama zile nyekundu mkononi kana kwamba amepewa na mtu mwingine. Alijua vizuri rangi yetu ni buluu, aliikariri kuanzia asubuhi. Lakini alipofika juu mkono ulifanya ulichozoea, ukachukua nyekundu na kuacha zingine ziendelee.

"Wametuibia!" wale wa Dallas wakapiga kelele. "Ref! Hao wezi! Rudisha riboni zetu!"

Na hapo Baba akavuka uzi, nami nikamfuata nyuma. Alikuja na goti lake, polepole, na watu wakampisha kwa sababu uso wake haukuonyesha chochote. Akanyoosha mkono. Kaari akampa. Baba akakigeuza kile kitita cha riboni. Kilikuwa kimefungwa kwa riboni moja, imezungushwa mara mbili, na mkia haukuonekana. Akasukuma kidole gumba katikati, akaupata umejificha ndani.

"Hii imefungwa na nani?"

"Ni mimi, Baba," Mutugi akadakia kutoka kwenye nyasi. Jamani, huyu kijana. Hata Njue alikohoa.

Baba hakumgeukia. "Kaari. Nimeuliza."

"Ni mimi."

"Na zile za nyumbani?"

Kaari akatazama raba zake. "Ni mimi, Baba. Mutugi anaogopa juu. Yeye huenda mtoni, mimi hupanda."

"Mutugi ndiye huchota maji?"

"Ndiyo."

Nikakumbuka shati la Mutugi, lilivyokuwa likilowa begani kila asubuhi. Nilikuwa nadhani ni umande wa kwenye miti.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Ulipoacha kwenda shambani."

Nilijua Baba anahesabu. Mvua za mwaka jana, kiangazi, tena mvua, kiangazi, na sasa. Miti ilikuwa imechumwa na msichana muda huo wote, na muda huo wote wanunuzi wa Maua walikuwa wakikiweka kitita chake upande. Majani hayakukunjamana. Hakuna tawi lililokauka. Aliyafahamu hayo yote vizuri kuliko mtu yeyote pale, maana ndiye aliyekuwa akivinusa vile vitita kila siku na kuvisifu hata kwa kuku.

"Nani alikufundisha kufunga hivi?"

"Hakuna," Kaari akasema. Kisha akaongeza, "Nilikuwa nakuangalia, nikikuletea uji pale chini."

Mwalimu Nelius alikuwa amekuja karibu, mikono imeshikana mbele kama mwanafunzi. "Mzee, nilikuahidi mbele ya watu. Nilimwambia amshushe Mutugi tu. Kosa ni langu, usimpige mtoto. Nikirudi Maua nitawaambia wazazi mwenyewe."

Baba akamtazama. "Uliniahidi hutampandisha, Mwalimu."

"Ndiyo, Mzee."

"Hukumpandisha. Kwani huyu umeona akipandishwa na mtu?"

Mwalimu akaachanisha mikono yake.

Baba akaenda mpaka kwa yule kijana wa Dallas aliyepiga mluzi siku ya kwanza, akampa kile kitita kwa mikono miwili, kama anavyompa mnunuzi. "Mali yenu hii, Bwana. Sisi hatuchukui ya mtu. Mkono ulizoea." Kijana akapokea, akasema asante Mzee, na kelele ikaisha.

Kisha Baba akageuka, akamuuliza Njue, "Filimbi umeshapuliza?"

"Bado, Mzee. Lakini imebaki kidogo sana."

"Kaari."

"Eeh, Baba."

"Zile za buluu kule juu ni za nani?"

"Ni zetu."

"Sasa zinafanya nini kule?"

Kaari alimtazama, asiamini. Mimi pia. Hata Mwalimu Nelius alishika mkono wangu, na hatujawahi kushikana mkono kabla.

"Rudi ulete zetu," Baba akasema. "Na uvue hizo raba. Ni nani alikwambia mtu hupanda na viatu?"

Njue akataka kusema jambo kuhusu viatu. Akamtazama Mwalimu Nelius. Mwalimu Nelius akawa ameona kitu cha maana sana huko mbinguni. Basi Njue akainama, akakagua mshipi wa Kaari upya, akakaza kamba ya usalama, akasema, "Taratibu, binti."

Kaari alivua raba akaziweka sambamba. Safari hii Baba alisimama chini ya wavu kabisa, kofia mkononi, shingo imeinuliwa, na akaanza kuongea. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo. Haikuwa sauti ya amri. Ilikuwa ile ya wachumaji wakiwa juu ya mti mmoja, ya chini, ya kuelekezana. "Kushoto. Hapo. Pumzika. Usivute kwa bega, vuta kwa mgongo. Eeh, hivyo. Nenda." Na Kaari akajibu kutoka juu, "Eeh. Nimeona. Eeh." Wazazi wa shule zingine walikuja karibu kusikiliza, ingawa ilikuwa Kimeru na wengi wao hawakuelewa neno.

Filimbi ililia akiwa amebakisha riboni mbili. Tukawa wa tatu. Wale wa Dallas wakachukua kombe, na walistahili, nyekundu zilizobaki walizishusha wenyewe, na walipanda vizuri. Kaari alishuka na buluu zake, nyayo zimekuwa nyekundu kwa kusuguliwa na kamba, na Baba akazipokea, akazihesabu kwa kidole, akasema, "Mbili umeacha."

"Muda uliisha, Baba."

"Ungeanza na zetu, ungemaliza."

Hayo ndiyo maneno yote aliyompa. Lakini wakati wa chai nilimsikia tena katikati ya wazazi, kofia imekaa upande.

"Yule msichana asiye na viatu mlimwona? Yule ni wangu. Anaitwa Kaari. Na yule aliyelia pia ni wangu. Yule ndiye huchota maji, na kama mmewahi kubeba mtungi kutoka mto wetu na kile kilima, mtajua si kazi ya mtu mnyonge."

Mutugi alisikia. Alikula chapati nyingi kuliko kawaida jioni ile.

Mimi nilikuwa na wasiwasi wa nyumbani. Kwa kambi ni kwa kambi, hakuna anayetujua. Maua ni watu wetu. Na habari ilikuwa imetutangulia, maana watoto wana simu za ndugu zao. Basi ya shule ilipotuacha kwa soko, wanaume walikuwa pale wanapakia pikapu, magunia na majani ya mgomba kila mahali. Mmoja wao anaitwa Misheck, jirani yetu, mtu wa maneno, na miti yake imepakana na yetu.

"Riungu!" akaita kwa sauti ili wote wasikie. "Ati ulipeleka msichana Embu ukarudi na tumbili?"

Wanaume wakacheka. Kaari akasimama nyuma yangu. Nilihisi pumzi yake kwenye bega langu. Hapo ndipo mahali penyewe. Baba angeweza kucheka nao, aseme ni mambo ya walimu, na lingeisha, na Kaari angerudi mtoni.

Baba akaweka fimbo chini ya kwapa. "Tumbili gani umewahi kuona akifunga kitita, Misheck?"

"Anafunga?"

"Vile vitita umekuwa ukivisifu tangu mwaka jana ukisema Riungu amezeeka lakini mkono haujazeeka, ulikuwa unamsifu nani? Ni huyu hapa. Kaari, kuja usalimie mzee."

Kaari akatoka nyuma yangu, akamsalimia Misheck kwa heshima, kichwa chini. Mmoja wa wanaume akachukua kitita kwa pikapu, akakigeuza, akaanza kukichunguza kana kwamba kitasema.

Misheck hakukubali kushindwa upesi. "Haya. Na miti ikikauka je? Utamwambia nini babu yako?"

"Ikikauka," Baba akasema, "nitapanda majani chai kama Waembu. Nimeyaona, hayana neno."

Wakacheka tena, lakini safari hii walikuwa wanacheka naye. Hata Misheck. Baba akaanza safari ya kupanda kilima kwenda nyumbani, goti likimvuta, Mutugi amebeba mizigo, na Kaari kando yake. Baba alikuwa anamweleza habari ya tawi moja la mti ulio karibu na mpaka, tawi linaloonekana zima na kumbe ndani limeoza, kwamba asilikanyage, na Kaari akamkatiza: "Hilo nalijua, Baba. Mimi hupitia juu ya mti wa Misheck, na haujakauka."

"Unapitia kwa Misheck?"

"Ndiyo."

Baba akasimama katikati ya njia na kucheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili.